Mwaka Niliowapikia Wali Watu wa Reli

Juzi tulimzika Mwanaidi. Kabla maiti haijatolewa ndani, mwanawe mkubwa alisimama mlangoni akasema maneno yanayosemwa kwenye misiba yetu yote: aliyekosewa na marehemu amsamehe, na mwenye neno naye alitoe sasa, asirudi nalo nyumbani. Sisi wanawake tulikuwa tumebanana kwenye mikeka, goti kwa goti, nikajikuta nimeinamisha kichwa nautazama ukili wa mkeka kama vile nimeagizwa kuununua. Wenzangu wakaitikia, "Tumemsamehe." Jirani yangu akanigusa kwa kiwiko, maana sauti yangu hakuisikia. Nikakohoa. Baada ya mazishi zikaja sinia za wali, na kama kawaida yangu sikula, na kama kawaida yao wakaambizana kwamba tumbo la Bibi Hadija halipatani na wali. Tumbo langu ni zima kabisa. Wali niliuacha kwa sababu ya mwaka mmoja tu, na mwaka huo nimeubeba peke yangu muda mrefu mno, kwa hiyo leo nauandika, tena kwa mwandiko wangu mwenyewe niliojifunza uzeeni.

Ulikuwa mwaka ule reli ilipofika Dodoma, enzi za Wadachi. Nilikuwa nimeachika Kondoa, nikashuka huku kwa miguu, siku tano, na vyungu viwili kichwani. Nimeachika vipi, hayo ni ya ukurasa mwingine na labda sitauandika. Lililo muhimu ni kwamba mwanangu wa pekee, Amina, mwenye umri wa miaka mitano, alibaki kwa bibi yake mzaa baba, na kwamba yule bibi aliniambia mbele ya watu wake: "Mtoto halelewi njiani. Siku utakapokuwa na pa kukaa, na kazi yako ikaonekana kwa macho, nitamtuma Ramadhani aje aangalie. Akiridhika, utapewa." Ramadhani alikuwa shemeji yangu, mtu mtaratibu asiyekuwa na ubaya, ila aliamini macho yake tu. Nilitoka pale na hilo neno moja, kazi ionekane kwa macho, na ndilo lililoniponza.

Nilipanga chumba katika tembe moja karibu na kambi ya vibarua wa reli. Kilikuwa chumba kirefu, cheusi kwa moshi, dari ya miti na udongo iliyo chini kiasi kwamba mrefu aliinama, na mlango wa mbele uliotazama tuta la reli. Nyuma kulikuwa na uwanja mdogo uliozungushiwa miiba, na humo nilijenga mafiga yangu. Vumbi la Dodoma halibishi hodi. Asubuhi nilikuta chembe zake ndani ya chungu kilichofunikwa. Maji tuliyateka mbali, kwenye visima vilivyochimbwa mchangani mtoni, na kisimani huko ndiko nilikokutana na Mwanaidi. Alikuwa mke wa Feruzi, mnyapara wa kundi kubwa la vibarua, na wote wawili walitoka pwani. Alivaa leso safi mahali ambapo hakuna kitu kilichobaki safi. Alinisaidia kujitwisha mtungi, akaniuliza kwetu wapi, na kabla hatujafika tembeni alikuwa ananiita shoga yake. Sikuwahi kuwa na shoga. Nilikuwa na ndugu, wakwe na majirani, wote wananitazama nitaanguka lini. Huyu alinitazama akacheka, nami nikacheka, na hadi leo nikikumbuka kile kicheko nasikia vibaya.

Nilimwambia nataka kupika chakula niwauzie watu wa reli: ugali wa uwele na mlenda, siku nyingine kunde. Akaketi juu ya kinu changu kilicholala, akanicheka kwa upendo. "Hadija, shoga yangu, ugali wanaupata kwao. Nani atoe posho yake kununua kitu alichokula kwa mama yake tangu ameota meno? Wapikie wali. Wali ni chakula cha watu waliostaarabika. Hawa wamekuja kwenye reli ili wawe watu wengine." Nikasema mchele sina. Akasema mume wake anamjua mtu garini, utaletwa, wala nisihangaike. Ukaletwa, nikawa namlipa Feruzi kila gunia kwa mauzo. Nilipofungua gunia la kwanza harufu yake haikunipendeza, ilikuwa harufu ya kitu kilichokaa chini ya kitu kingine siku nyingi, lakini mimi mchele niliujua wapi? Nilidhani ndivyo unavyonuka. Niliosha maji matatu, na maji Dodoma si ya kuchezea.

Siku ya kwanza walikuja kumi na wawili. Siku ya nne, ishirini. Mwezi haujaisha walikuwa wanafika sitini, wanaingia kwa zamu, wanakaa kwenye magogo na mawe, wanakula, wanalipa, wanatoka. Ndipo Mwanaidi aliponiletea wazo la vigae. Tulipasua vibuyu vya zamani vipande vidogo, mimi mwenyewe nikavitia alama kwa kisu cha moto, na kila aliyekula nikampa kimoja akitoka. Jioni Mwanaidi alikuja navyo ndani ya kikapu, amevikusanya kambini, eti tuhesabu sahani za kesho. "Wanavitunza hao!" alisema. "Wanasema mwenye kigae sahani yake ya kesho haichukuliwi na mtu. Wanaogopa kukosa." Nilivimwaga kwenye ungo nikavipitisha vidoleni, vikalia. Sijapata kusikia sauti tamu kama ile. Nilikuwa nalala na ule ungo karibu na kichwa.

Sasa nimeuza chakula Dodoma miaka mingi, nimeona migahawa ikifunguliwa kwa mbwembwe na kufungwa kimyakimya, na mtu akija kuniuliza kama biashara yake mpya imeshika, simuulizi wateja wangapi. Namuuliza wamekugombeza mara ngapi. Maana nikiurudia mwaka ule siku kwa siku, sahani kwa sahani, naona kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu. Hakuna hata mmoja wa wale sitini aliyewahi kuniambia chumvi imezidi. Hakuna aliyeomba aongezewe. Hakuna aliyeomba ukoko, na ukoko wa wali watu hugombania hadi kutukanana. Hakuna aliyeleta rafiki yake wa kundi jingine akisema, njoo uonje. Jumapili, siku ya mapumziko, walipokuwa na nafasi ya kula watakapo, chumba kilikuwa changu mimi na nzi. Nilimuuliza Mwanaidi kuhusu Jumapili. Akasema wanalala, masikini, kazi ya reli inachosha.

Siku moja niliunguza sufuria zote mbili. Nilikuwa nimezama kwenye mazungumzo na Mwanaidi, tukicheka sijui nini, na tuliposikia harufu wali ulikuwa umekuwa mweusi chini na mchungu mpaka juu. Nililia. Nilisema leo nimekwisha, watanipiga kwa sahani. Wakaja, wale wale, kwa idadi ile ile. Wakala kimya, macho yametazama chini, wakachukua vigae vyao wakaenda. Kijana mmoja wa Kisukuma, Masanja, aliyekaa kila siku karibu na mlango, alikula haraka haraka huku amezuia pumzi. Na mimi, mjinga mimi, baada ya wa mwisho kutoka nilimshika Mwanaidi mikono nikamwambia, "Wananipenda hata nikiunguza!" Akaniangalia kidogo kabla ya kujibu. Hicho kidogo nimekipima mara nyingi tangu siku hiyo. Kisha akasema, "Si nilikuambia, shoga?"

Mtu mmoja tu ndiye aliyenigombeza mwaka mzima, Mama Ndahani, Mgogo wa upande wa Kizota, aliyekuwa akiwachotea maji watu wa reli. Hakuwa mzee wala hakuwa na busara yoyote; alikuwa mgomvi, amejipaka mafuta na udongo mwekundu, na sauti yake ilifika kabla yake. Wali wangu hakuutaka hata kuunusa. Alichotaka ni chungu changu cha nyuma. Mimi mwenyewe, lazima niseme, wali ulikuwa haunishibishi. Kila siku nilijipikia ugali wa uwele na mlenda kwenye figa la uani, nikala peke yangu nikiwa nimegeuzia mlango mgongo, kama mwizi. Mama Ndahani alinusa siku moja akipita na mtungi, akasimama kwenye miiba akanisalimia kwa Kigogo. "Mbukwenyi! Weye Mrangi, hicho unaficha nini?" Akaingia bila kukaribishwa, akatua mtungi uliojaa maji, akaketi, akala. Akaniachia mtungi mzima wa maji. Kesho yake akarudi. "Leo mlenda mchache. Jana ulikuwa mwingi. Na chumvi umesahau, unawaza bwana?" Siku nilipokuwa sijapika alikasirika hadi akapiga teke jiwe la kusagia, kisha akakaa kivulini akangoja niinjike. Mwanamke yule alitembea kutoka Kizota na mzigo wa maji kichwani kwa ajili ya chungu ambacho hata sikuwa nakiuza, nami nikamwona ni usumbufu.

Mwanaidi alimwona siku moja akapandisha leso puani. "Hadija, unamlisha huyo hapa? Waungwana wakimwona?" Nikaona haya. Na ilitokea kwamba siku shemeji Ramadhani alipofika kutoka Kondoa, bila taarifa, kama alivyokusudia, Mama Ndahani alikuwa uani anadai ugali wake kwa sauti ya kuita ng'ombe. Shemeji alikuwa amesimama mlango wa mbele anatazama watu wanaingia na kutoka, midomo inacheza, anahesabu. Nilikimbilia uani. Nilimwambia yule mama aondoke, asirudi, hapa si zizini. Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu. Akanitazama kwa mshangao zaidi kuliko hasira, akajitwisha mtungi wake na maji yake yote, akatoka. Nikajifuta mikono nikaenda mbele kwa shemeji nikitabasamu.

"Watu sitini," alisema Ramadhani. "Nimewahesabu mwenyewe. Shemeji, sikutarajia." Akakataa wali, akasema ameshiba njiani. Mwezi uliofuata akamleta Amina.

Niseme nini juu ya miezi ile mitatu? Mwanangu alilala ubavuni kwangu, mguu wake juu ya tumbo langu. Alivipenda vigae kuliko kitu chochote. Alivipanga sakafuni safu kwa safu, akavipa majina ya vibarua, akamwuliza Mwanaidi ni vya nini. Mwanaidi akampakata akamwambia, "Mwenye kigae, sahani yake haichukuliwi na mtu." Wali hakuula. Alikula kwenye chungu cha nyuma, pamoja nami, na kila siku aliomba tena. Hata hilo sikuliona.

Kisha kundi la Feruzi likahamishwa mbele, kuelekea Kilimatinde, ambako reli ilikuwa inafuata. Yeye na Mwanaidi waliondoka asubuhi moja. Mwanaidi alinikumbatia akalia machozi ya kweli, nina hakika nayo hadi leo, akaniambia nisiogope, kwa kuwa nusu ya vibarua walibaki Dodoma kumalizia stesheni chini ya mnyapara mwingine. Ilikuwa kweli. Walibaki. Niliwapungia mkono kutoka mlangoni wakipita na majembe. Mchana ule nikapika sufuria moja na nusu, nikapanga vigae kwenye ungo, nikamwambia Amina asimame pembeni asikanyagwe.

Hakuja mtu. Si wachache, hakuna. Niliwaona kwa macho yangu wakitoka kazini, nyuso zile zile, wakapita mbele ya mlango wangu wakaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mama, shikamoo mama," mmoja baada ya mwingine, wakaenda kukaa chini ya tuta wakachoma mahindi na kutafuna uwele mkavu. Nilifikiri labda kuna msiba, labda mnyapara mpya amewakataza. Nikaenda, na mwiko bado mkononi. Nikamwendea Masanja. Akasimama, akaona haya kwa niaba yangu, hilo ndilo lililoniuma kwanza.

"Mama," alisema, "wewe hukujua?"

"Sikujua nini?"

"Vile vigae. Jioni tulikuwa tunampa mnyapara Feruzi. Asiyekuwa na kigae, kesho yake anapelekwa kupasua mawe. Mchele ulikuwa wake. Tulidhani na wewe ni mmoja wao." Akaongeza kwa upole, kana kwamba ananipa zawadi, "Mikono yako si mibaya, mama. Lakini ule wali ulikuwa unanuka. Kila siku tulikuwa tunanusa chakula cha huko nyuma, tunakitamani, tunaogopa kuomba."

Nilirudi ndani nikakaa kwenye magogo ya wateja. Nilikuwa nimevichora vile vigae mwenyewe. Nilimpa kila mtu chake kwa mkono wangu, natabasamu, nasema karibu tena kesho. Na yule niliyemwita shoga alikuwa anavirudisha jioni kutoka mkononi mwa mumewe, anavimwaga kwenye ungo wangu, anatazama ninavyofurahi. Feruzi simlaumu sana. Alikuwa na magunia ya mchele ulioharibika akatafuta pa kuyatupia. Lakini Mwanaidi alijua kuhusu Amina. Alijua kila neno. Aliniacha nimtoe mwanangu Kondoa nimlete juu ya kitu ambacho yeye alijua hakipo.

Niliteketeza vigae vyote kwenye figa. Kisha nikaenda kisimani siku nne mfululizo hadi nikampata Mama Ndahani, nikamwomba radhi mbele ya wanawake wenzake. Alinitukana vya kutosha, kwa Kigogo, wenzake wakacheka. Halafu akauliza, "Mlenda upo?" Siku hiyo alikula yeye peke yake. Siku ya pili alikuja na dada yake. Wiki iliyofuata Masanja alichungulia kwenye miiba ya uani akiwa na mwenzake, akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa. Walikuwa wanne. Walinigombeza kwa chumvi, walinigombeza kwa kuchelewa, walilamba vidole, na Jumapili walikuja wote wanne. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamka usingizini; nilijua nini ninakitazama. Nilijua kwamba nikipewa miezi, hawa wataleta wengine, na ndivyo ilivyokuwa, kwa maana uani pale pale nilikuja kulisha watu hadi reli ilipozeeka. Lakini sikupewa miezi.

Habari ya chumba kitupu ilifika Kondoa na wafanyabiashara wa ng'ombe. Shemeji Ramadhani alikuja mchana, wakati wanne wangu wanakula. Alisimama akahesabu. Nilimwona akimaliza haraka.

"Shemeji, wapo wengine?"

"Hawa ndio," nikasema. "Lakini hawa wamekuja wenyewe. Wale wa mwanzo walikuwa wanaletwa kwa nguvu. Hawa wanne ni wengi kuliko wale sitini, Ramadhani. Nakuapia."

Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyepatwa na homa. Mama Ndahani akaingilia na mdomo umejaa, "Anasema kweli huyo!" na hilo halikunisaidia kitu. Shemeji akasema ametumwa kuangalia na ameangalia. Uongo wa Mwanaidi ndio ulionipa mtoto, na siku nilipokuwa na kazi ya kweli mikononi mwangu ndiyo siku niliyonyang'anywa.

Mwanaidi alirudi Dodoma miaka mingi baadaye, mjane, akakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tulisalimiana kila asubuhi. Mara moja tu nilimuuliza, tukiwa tunachambua mboga kwenye harusi ya jirani. Hakukana. Alisema, "Mwaka ule ulicheka kuliko miaka yako yote, Hadija. Nani alikuchekesha?" Akaendelea kuchambua. Na ni kweli, nilicheka. Amina alikuwa ameshaolewa huko Kondoa. Alikuja kunitazama mara moja na mtoto mgongoni, akaniamkia kwa heshima zote anazoamkiwa mama mkwe, akala kidogo, akaaga mapema. Wakiniuliza tena kama nimemsamehe Mwanaidi, nitakohoa tena.

Asubuhi ile Ramadhani alipomrudisha Amina Kondoa, waliondoka kabla jua halijawa kali. Nilimfungia Amina ugali uliopoa ndani ya kitambaa, nikampaka mafuta usoni. Alikuwa amekunja ngumi ya mkono wa kulia na hakutaka kunipa huo mkono. Nikamfungua kidole kimoja kimoja. Ndani kulikuwa na kigae cha kibuyu, chenye alama yangu ya kisu.

"Nilikificha, mama," akasema. "Ili sahani yangu isichukuliwe na mtu."

Shemeji alikuwa ameshatangulia, anaita. Nikamkunja vidole upya, kimoja kimoja, nikamwambia akishike vizuri.